Saa ya Thamani Mkononi mwa Askari

Askari arudiye nyumbani kutoka kazi ya kulinda amani katika nchi za nje, au polisi aliyelipwa kwa mara moja malimbikizo ya posho yake, huwa na fedha ambazo pengine hajapata kuzishika zote pamoja tangu siku ile alipokula kiapo. Ni wakati wa furaha, nao ni wakati wa hatari. Ndugu wanajua tarehe ya kurudi kwake. Wauza viwanja wanajua. Wauza pikipiki nao wanajua. Na yeye mwenyewe, akiwa katika kiwanja cha ndege cha njiani akingoja ndege ya pili, hupita mbele ya kioo cha duka la saa, akasimama. Mle ndani imelazwa saa ya Uswisi, ya chuma cheupe kisichoshika kutu, nayo yaelekea kumwambia kwamba miaka kumi na mitano ya gwaride, lindo na mvua yastahili kuwa na ukumbusho.

Hatukusudii kumcheka mtu huyo. Hamu yake si ya kitoto, na wenye vyeo vikubwa kuliko chake wamekuwa nayo. Tunalotaka ni kulitazama jambo lenyewe kwa utulivu: saa ya namna hiyo ni kitu gani, bei yake yatoka wapi, na je, mtu aishiye kwa mshahara wa serikali aichukue au aiache palepale ilipolala?

Kwanza ni haki kusema kwamba saa ya mkono, kuliko vitu vingi vya anasa, ni mali ya askari tangu asili yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wanaume wa Ulaya walichukua saa zao mfukoni, zikiwa zimefungwa mnyororo, na ile ya kuvaa mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mahandaki ya mwaka 1914 hadi 1918 ndiyo yaliyobadili mawazo hayo. Ofisa mwenye bastola katika mkono mmoja na ramani katika mkono wa pili hana mkono wa tatu wa kupapasa mfukoni. Isitoshe, mizinga ilikuwa ikipiga mbele ya askari wa miguu na kusogea hatua kwa hatua kwa kufuata dakika zilizopangwa. Kikosi kikitangulia kilipigwa na mizinga yake chenyewe, kikichelewa kilikuta adui amekwisha kurudi kwenye bunduki zake.

Mfano wa dakika hizo upo katika vita vya Somme. Tarehe 1 Julai 1916 Waingereza walilipua baruti waliyoizika chini ya ngome ya Wajerumani mahali paitwapo Hawthorn, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Askari wao walitoka mahandakini saa moja na nusu. Dakika kumi hizo ziliwatosha Wajerumani kutambua yajayo na kushika sehemu zao. Makosa ya siku ile yalikuwa mengi, wala hatusemi kwamba saa peke yake ndiyo iliyoleta msiba. Lakini hata kufika jioni majeshi ya Uingereza yalikuwa yamepoteza watu wapatao 57,000, kati yao zaidi ya 19,000 wakiwa wamekufa. Tangu hapo hapakuwa na mtu aliyemcheka mwanamume mwenye saa mkononi.

Katika Vita Kuu ya Pili serikali zenyewe ziliagiza saa kwa ajili ya askari wao. Uingereza iliandika masharti yake: uso mweusi, tarakimu nyeupe, mishale ing'aayo gizani, kioo kigumu, mfuniko usioingiza maji. Viwanda kumi na viwili vya Uswisi vikazitengeneza, miongoni mwao Omega, Longines na IWC, nazo zikaanza kutolewa mwaka 1945. Nyuma yake zilipigwa chapa ya mshale mpana, yaani mali ya serikali. Leo hii matajiri huzitafuta zote kumi na mbili kama mtu atafutavyo stempu za kale, lakini siku zile zilikuwa vifaa tu kama koleo na chupa ya maji. Hata ule ukanda wa nailoni ambao vijana wa mjini huununua kwa fahari ulitokana na masharti ya wizara ya ulinzi ya Uingereza ya mwaka 1973, na askari aliyeutaka alijaza fomu stoo kama alivyojaza ya soksi.

Yupo pia koplo mmoja ambaye kisa chake wauza saa hupenda kukisimulia, nasi tutakisimulia kwa sababu zetu wenyewe. Jina lake Clive Nutting, wa kikosi cha mawasiliano cha Uingereza, naye alikuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Stalag Luft III nchini Ujerumani. Kambini alifanya kazi ya kushona viatu. Mwaka 1943 aliandika barua kwa Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa kampuni ya Rolex, huko Geneva, akaagiza saa ya chuma yenye vitufe vya kupimia muda. Saa ikafika kambini mwezi wa Julai mwaka huohuo, pamoja na maneno ya Wilsdorf kwamba asifikirie habari ya kulipa mpaka vita viishe. Wapo wadaio kwamba ilitumika kupimia mizunguko ya walinzi kabla ya ule utoro mkubwa wa Machi 1944, ambapo wafungwa 76 walipita chini kwa chini na 50 kati yao wakapigwa risasi baada ya kukamatwa. Hilo ni gumu kulithibitisha. Lakini tazama mkopo wenyewe ulivyokuwa: hauna riba, hauna dhamana, na hatari yote yabebwa na mwuzaji, ambaye hana hakika kama mnunuzi atatoka hai. Mkopo wa namna hiyo koplo wa leo haupati popote. Atakaoupata ni ule unaokatwa kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi, saa iwe nzima au imevunjika.

Sasa tuje kwenye kazi ya saa, yaani kuonyesha wakati. Hapa ukweli wenyewe ni mchungu kidogo kwa wapenda anasa. Tarehe 25 Desemba 1969, mjini Tokyo, kampuni ya Seiko ilitoa saa ya mkono iitwayo Astron, iendeshwayo kwa betri na kipande kidogo cha jiwe la kwatsi. Jiwe hilo likipitiwa na umeme hutetemeka kwa kipimo kisichobadilika, na katika saa nyingi za leo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya ufunguo, iendeshwayo kwa kamani na magurudumu yenye meno, hugonga mara nane hivi kwa sekunde ikiwa ni ya kisasa. Astron ya kwanza iliuzwa yeni 450,000, sawasawa na bei ya motokaa ndogo ya Toyota, lakini haukupita muda mrefu saa za namna hiyo zikawa rahisi kama viatu vya mpira. Uswisi ilitikisika. Wafanyakazi wa saa nchini humo walikuwa kama 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki 30,000 na ushei. Viwanda vilivyonusurika vilinusurika kwa njia mbili: ama kwa kuuza saa rahisi za plastiki, kama Swatch ya mwaka 1983, ama kwa kuacha kabisa kuuza wakati na kuanza kuuza heshima.

Msomaji na afanye hesabu mwenyewe. Saa ya Uswisi iliyofaulu mtihani wa taasisi yao ya vipimo, mtihani wa siku 15, huruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku. Sekunde 6 kwa siku ni dakika 3 kwa mwezi. Saa ya plastiki ya Casio aina ya F-91W, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo bado iko madukani kwa fedha zisizofika hata dola thelathini, haipotezi wala kutangulia zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, na betri yake huishi miaka saba. Maana yake, sajini mwenye Casio atafika kwenye gwaride kwa uhakika zaidi kuliko kanali mwenye saa ya dola elfu tisa. Na kama saa hiyo ya plastiki ikiangukia kisimani, hasara ni ya mchana mmoja.

Hapa yafaa tukumbushe jambo ambalo mafundi wa Geneva hawakulifikiria. Sisi tunaohesabu saa tangu macheo, tukiuona mshale mfupi umesimama kwenye 1 mchana, twasema saa saba. Na amri ya kikosi iliyobandikwa ubaoni yasema 1300. Uso mmoja wa saa, hesabu tatu, na askari wetu husoma zote bila kukosea. Ufundi huo hauuzwi dukani.

Basi anunuaye saa ya thamani hanunui wakati. Ananunua nini? Ananunua kazi ya mikono, na hilo tusilidharau. Saa nzuri ya ufunguo ni mashine ambayo fundi stadi aweza kuifungua, kuisafisha, kuitia mafuta na kuirudisha kazini baada ya miaka hamsini, wakati ile ya betri rahisi hutupwa ikiharibika. Ananunua pia kitu cha kumwachia mwanawe. Na ananunua ukumbusho. Sultani Qaboos wa Oman, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, aliwatunuku baadhi ya askari wa Uingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar saa za Rolex zilizochorwa usoni alama ya jambia. Mtu aliyevaa saa ile hakuhitaji kueleza ameipata wapi. Jambia lilijieleza lenyewe.

Na hapo ndipo penye uzito kwa wasomaji wetu, kwa kuwa saa anayonunua askari kwa fedha zake haina jambia. Ina bei tu, na raia huijua bei hiyo au huikisia. Mfanyabiashara akivaa saa ya dola elfu kumi, watu husema biashara inaendelea. Polisi wa barabarani akiivaa hiyohiyo na kunyosha mkono kusimamisha gari, dereva huitazama saa kabla hajautazama mkono, na moyoni mwake amekwisha kutoa hukumu. Huenda saa ilinunuliwa kwa jasho la miaka miwili ya Mogadishu. Dereva hakuwako Mogadishu.

Wakubwa wamekwisha kuingia katika shimo hili. Mwezi wa Aprili 2014 mkuu wa majeshi ya Indonesia, Jenerali Moeldoko, alionekana na saa iliyofanana na zile za Richard Mille, ambazo bei yake hufikia ya nyumba. Alipoulizwa alisema ni bandia iliyotengenezwa China, kwamba aliinunua rupia milioni tano, na mbele ya waandishi wa habari akaibamiza chini. Hatumhukumu. Tunaona tu kwamba mkuu wa majeshi ya nchi kubwa alilazimika kujitetea kwa kusema anavaa bandia. Huko China, bwana mmoja aitwaye Yang Dacai, aliyekuwa mkuu wa usalama wa kazi katika jimbo la Shaanxi, alipigwa picha akitabasamu mahali pa ajali ya basi iliyoua watu 36 mwezi wa Agosti 2012. Wananchi kwa hasira wakatafuta picha zake za zamani, wakahesabu mikononi mwake saa moja baada ya nyingine, zote za thamani, ambazo mshahara wake usingeweza kuzinunua. Mwaka uliofuata alifungwa miaka 14 kwa kula rushwa na kuwa na mali asiyoweza kuieleza. Na hapa jirani, nchini Kenya, tangu Desemba 2013 Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi iliwaketisha maofisa mmoja mmoja na kuwauliza juu ya mali zao na fedha zilizopita katika akaunti na simu zao. Ofisa aliyekuwa na stakabadhi alijibu. Asiyekuwa nayo alitoa jasho.

Lipo na la zamani zaidi, ambalo lagusa nidhamu ya vita. Tarehe 2 Mei 1945 mpiga picha wa Kisovieti, Yevgeny Khaldei, aliwapiga picha askari wakiinua bendera juu ya jengo la bunge la Berlin. Picha hiyo imezunguka dunia nzima. Lakini kabla ya kuchapishwa ilionekana kwamba yule aliyemshikilia mwenye bendera alikuwa na kitu kama saa katika kila mkono. Askari mwenye saa mbili katika mji uliotekwa ni rahisi kueleweka. Khaldei akachukua sindano, akaikwangua moja. Wapo wasemao kwamba ile ya pili ilikuwa dira tu, huenda. Iliyobaki katika historia ni alama ya sindano.

Turudi kwa sajini wetu aliyesimama mbele ya kioo. Bei iliyoandikwa pale si bei yote. Saa ya ufunguo hutaka kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miaka mitano hadi kumi, na kwa zile zenye majina makubwa kazi hiyo hugharimu mamia ya dola, tena aghalabu hulazimika kupelekwa nje, kwa kuwa si kila fundi wa saa aketiye barazani na kioo chake cha jichoni aweza kupata vipuri vyake. Mipira myembamba izuiayo maji huchakaa. Saa iliyoandikwa kuwa yavumilia maji mwaka ilipotoka kiwandani isichukuliwe kuwa yavumilia maji milele. Kioo na chuma king'aacho humweka mtu wazi kwenye mbalamwezi, na kila aliyelala shambushi anajua hilo. Kisha kuna wezi, ambao hawachagui cheo.

Wauzaji husema saa ni akiba, kwamba bei hupanda. Kwa aina chache sana, na kwa miaka fulani, ilikuwa kweli. Lakini bei za saa zilizotumika zilizopanda kwa kishindo hadi mwanzoni mwa mwaka 2022 ziliporomoka baada ya hapo, na walionunua kileleni walibaki na chuma. Zaidi ya hayo, akiba ni kitu kinachouzika siku mtoto anapougua. Mtu akitaka kuuza saa ya dola elfu saba katika mji wetu wowote kabla ya Ijumaa, atapewa bei ya pikipiki mbovu. Mabati, kiwanja chenye hati, au hisa katika ushirika wa akiba na mikopo wa kikosi havina mng'aro huo, ila vinauzika.

Basi hukumu yetu ni hii. Askari ambaye nyumba yake haijaezekwa na ambaye ada za shule bado zamsubiri, apite. Anayetaka kukopa ili anunue, apite upesi zaidi. Lakini yule ambaye mambo hayo ameyamaliza, ambaye fedha iko mkononi na chanzo chake kimeandikwa, hatuoni kwa nini asinunue kitu kizuri mara moja katika maisha yake. Mtu aliyelinda daraja katika nchi ya watu kwa mwaka mzima hadaiwi kuomba radhi kwa kupenda ufundi mzuri. Na kabla ya kupanda kwenye maelfu, apitie kwanza chini: zipo saa za Kijapani zinazojitia ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mkono, kama zile za Seiko 5 zilizoanza mwaka 1963, zenye kamani na magurudumu yaleyale, kwa fedha ambazo hazilii sana. Wengi wakiivaa moja ya hizo mwaka mzima, ile hamu ya kuwa na saa yenye roho hutulia. Wengine haitulii, hao angalau watakuwa wamejua wanachokitaka.

Akiamua kununua, achague ya chuma badala ya dhahabu, aivae siku za mapumziko na harusini, na kazini abaki na ile ya plastiki. Asinunue kwa mtu asimamaye kituo cha basi na saa sita ndani ya koti; bandia za siku hizi zimetengenezwa vizuri kiasi kwamba uso hautoshi kuzitambua, sharti mfuniko wa nyuma ufunguliwe na fundi anayejua. Mpakani au kiwanja cha ndege aitangaze kwa watu wa forodha, alipe kinachotakiwa. Wanaotakiwa kisheria kuorodhesha mali zao waiandike. Stakabadhi na kadi ya dhamana zikae nyumbani katika bahasha moja na hati ya kiwanja, na nambari iliyochongwa kwenye saa inakiliwe mahali pengine pia. Kwa maana siku ikiibwa, polisi mwenzake atakayefungua jalada atamwuliza nambari hiyo kwanza, kabla ya kumwuliza ilikuwa ya rangi gani.